Filimbi ya Pumzi Fupi

Vijana wangu mnaoshika sasa patasi na tupa zangu kule nyuma ya soko la Same, leo nawajibu. Juzi nilipopita karakana kuwasalimu, mmoja wenu aliniuliza, "Babu, filimbi ikishakamilika kwa nini tusiiuze tu? Kwa nini lazima kwanza izunguke kwa wapigaji?" Nilikuwa nawahi gari, nikamjibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Nilipokaa kwenye kiti nikajiambia, hilo ni jibu la mtu mvivu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na lina watu ndani yake.

Aliyenifundisha, Mzee Zefania, hakuwa hasa fundi wa filimbi. Alikuwa akikereza miguu ya vitanda. Vipande vya mti vilivyobaki ndivyo alivyovigeuza filimbi, na watu wa ngoma kutoka milimani walimjua kwa hivyo vipande kuliko kwa vitanda. Siku niliyomaliza filimbi yangu ya kwanza nilimpelekea nikiwa nimevimba kichwa. Nikaipuliza mbele yake, ikalia vizuri kabisa. Akanyoosha mkono, akaipuliza yeye. Ikakoroma kama mtu mwenye mafua.

"Umeibembeleza," akasema.

"Sijaibembeleza, Mzee."

"Umeibembeleza. Unajua tundu lipi ni bovu, ukifika hapo unapunguza pumzi bila kujijua. Kama mama mwenye mtoto mtundu mbele ya wageni. Mpe mtu asiyeipenda aipulize, ndipo utajua umetengeneza nini."

Huo ndio mwanzo wa mzunguko. Filimbi mpya inapewa mpigaji, anakaa nayo mpaka aizoee. Hapulizi uani tu. Anakwenda nayo anakokwenda, harusini, machungani, kwenye mazoezi ya kikundi. Akitosheka anampa mwenzake, na mimi ananiambia ukweli. Haijauzwa na wala si zawadi. Iko safarini.

Na ukweli nimeambiwa, msifikiri! Loishiye, mfugaji wa kijiji cha Kisiwani kule tambarare, ndiye aliyenifundisha kukausha mti. Mimi ni mtoto wa milimani. Mti wangu niliukausha kwetu juu, kwenye ukungu, nikaona umekauka. Filimbi ikashuka Kisiwani kwenye lile jua, na Loishiye akanirudishia ikiwa imevikwa ngozi ya mbuzi katikati.

"Fundi, mti wako ulifungua mdomo," akaniambia. "Nikauvalisha ngozi mbichi. Ngozi ilipokauka, ikaubana. Sasa inalia."

Kweli ilikuwa inalia, na vizuri kuliko nilivyoitoa. Tangu hapo sijatoboa mti ambao haujakaa kwanza kwenye joto la Same. Unaukata, unautoboa tundu jembamba, unauacha tena, ndipo unaumalizia. Mkiona gogo lina haraka ya kuwa filimbi, liacheni lisubiri.

Jingine ni la mafuta. Kuna wakati nilipaka filimbi ndani kwa mafuta ya nyonyo, maana yanaingia vizuri kwenye mti na hayagandi. Sikungoja yaingie yote, nikaipeleka kwenye kikundi kilichokuwa na onyesho. Walipokezana kuipuliza mazoezini asubuhi nzima. Nyie mnajua mafuta ya nyonyo yanafanya kazi gani tumboni. Sitawaeleza onyesho lilivyokwenda, ila watu wa kikundi kile walikaa muda mrefu wananiita Mganga.

Wapigaji wa mzunguko wangu wa mwisho walikuwa wanne. Frenki wa Same mjini ni kijana wa bodaboda, ana bendi na wenzake, na ndiye aliyeniletea mambo ya simu. Mimi napima sauti kwa sikio, yeye anaweka simu mezani, anapuliza, halafu ananiambia, "Shikamoo fundi. Hii kitu ni kali, ila noti ya tatu iko juu kidogo, app inasema." Mwanzoni nilichukia. Baadaye masikio yangu yalipoanza kuchoka, nilishukuru simu ile. Wa pili ni Loishiye. Wa tatu Eliamini, mkulima wa tangawizi na migomba, anayekaa juu kidogo ya Gonja. Na wa nne Mama Nakijwa wa Gonja kwenyewe, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wasichana na akina mama.

Huyu Nakijwa ndiye aliyeweka sheria ya usafi. Siku moja alipokea filimbi, akaipuliza kwa nguvu, ukamrukia puani ugoro uliokuwa umejificha ndani. Alipiga chafya mpaka kilemba kikaanguka. Nani aliyeuacha ugoro ule hatukuambiwa, ingawa sote tulimtazama Loishiye. Basi ikawa sheria: ukipokea filimbi, unachemsha maji, unatia chumvi, yakipoa kidogo unasuuza mdomo wa filimbi, unafuta kwa kitambaa safi na kuianika kivulini. Ukifanya hivyo kwa mmoja, unafanya kwa wote.

Sasa nije kwa Eliamini, maana kwake ndiko jibu lenyewe liliko.

Katika wote wanne, Eliamini ndiye aliyekuwa na sikio. Frenki alikuwa na simu, Eliamini hakuhitaji. Kisha akaugua kifua kikuu. Alikonda, akakohoa, akatumia dawa. Dawa alizimaliza zote, akapimwa, akaambiwa amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimemaliza filimbi ya mloliondo, mti mzito na mzuri, nikaiingiza kwenye mzunguko kwa njia yetu ya siku zote: Frenki, kisha Loishiye, kisha Eliamini, kisha Nakijwa.

Frenki akanipa maneno yake, Loishiye akanipa yake. Halafu akapiga simu Nakijwa. "Fundi, imelia vizuri, wasichana wameipenda."

"Na Eliamini alisemaje?"

"Eliamini hakuwa na nafasi," akasema, akaanza kuniuliza habari za nyumbani.

Eliamini kukosa nafasi ya filimbi ni kama mbuzi kukosa nafasi ya majani. Loishiye alipokuja Same mnadani kuuza ndume, nikamuuliza. Akanitazama kwa mshangao.

"Mama wa Gonja alinipigia. Akasema nisiipeleke kwa yule wa kifua, niipeleke kwake moja kwa moja. Nikajua wewe umesema."

"Mimi sijasema."

"Basi ni mbaya," akasema Loishiye.

Nilipanda gari la Gonja. Nilimkuta Eliamini kwenye baraza anamenya tangawizi, amevaa koti ingawa palikuwa na jua. Aliponiona akainuka haraka, akashika nguzo mpaka pumzi ikamrudia, ndipo akaniamkia. Nikaitikia, tukakaa. Nilikuwa najipanga nianzeje, lakini akanitangulia.

"Fundi, ile ya mloliondo nimeisikia. Wanafanya mazoezi pale chini kwa Nakijwa, na upepo wa jioni unaleta sauti huku. Nilikaa hapa hapa nikaisikiliza. Tundu la pili kutoka chini, lijaze nta kidogo. Sauti yake iko juu."

Wamemruka mtu, yeye ameikagua filimbi kwa mbali akiwa kwenye baraza lake, na bado anataka kunisaidia.

"Unajua kwa nini haikufika kwako?" nikamuuliza.

"Najua. Kanisani pia benchi langu lina nafasi nyingi siku hizi." Akacheka kidogo, cheko likageuka kikohozi, akageuza uso pembeni mpaka kikapita. "Sijawachukia. Ila inachosha."

Nilikuwa na filimbi nyingine mkobani, ya zamani. Nikamwekea mkononi. Aliigeuzageuza, akaanza wimbo mmoja wa mavuno ambao sote tunaujua. Alianza vizuri mno. Lakini kabla mstari haujaisha sauti ikazama, akashusha filimbi, mkono kifuani. Akajaribu tena. Ikaishia pale pale.

"Umeona?" akasema. "Hata wangeniletea. Pumzi zangu zimekuwa fupi. Ugonjwa uliondoka, ukaondoka na kitu."

Nilirudi Same nikiwa na matatizo mawili. Moja lilikuwa la watu na jingine la mti. La mti ndilo langu, nikaanza nalo.

Nisikilizeni hapa, maana hiki ni cha kazi. Filimbi inakula pumzi mdomoni, si kwenye matundu ya vidole. Kuna kile kizibo, kipande cha mti tunachokichomeka mdomoni mwa filimbi na kuacha upenyo bapa juu yake ili pumzi ipite. Sisi mafundi wa Same tuliacha upenyo mkubwa, kwa sababu wapigaji wetu walikuwa watu wa ngoma, wenye vifua vya kupanda milima, na walitaka sauti ivuke bonde. Hakuna aliyewahi kutuambia upenyo ni mkubwa mno. Wote waliojaribu filimbi zetu walikuwa na pumzi.

Nikaubana upenyo. Filimbi ikatoa mvumo wa hewa tu, kama nyoka. Nikausogeza ukingo wa dirisha, pale pumzi inapokatwa ikawa sauti, karibu zaidi na upenyo. Ikalia, lakini ukipuliza mstari mmoja mate yanajaa kwenye kile kijia chembamba na sauti inakufa. Nilipanda kwa Eliamini na vizibo vimejaa mfukoni, vya mpingo, vya mloliondo, vya mgrevilea, nikivichonga hapo hapo barazani huku yeye akijaribu. Hiki kigumu, hiki kinavuma, hiki kinalia kama panya. Mke wake alikuwa akifagia vumbi la mti kila nikiondoka, na alikuwa na subira kuliko mimi.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni seremala mmoja aliyenipa vipande vya mwerezi vilivyobaki alipotengeneza kabati la mteja. Mwerezi ni mwepesi, unakunywa unyevu badala ya kuuacha uteleze. Nilichonga kizibo cha mwerezi, upenyo wake mwembamba kama ukucha, nikakichomeka. Eliamini akavuta pumzi ile ile fupi aliyokuwa nayo, akaanza wimbo wa mavuno. Akaupita pale alipokuwa akikwama, akaumaliza mstari, akabaki na pumzi ya kunitazama. Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Eliamini akaurudia wimbo tangu mwanzo, safari hii akiwa amefumba macho.

La mti likawa limekwisha. Nikateremka kwa Nakijwa.

Msimfikirie vibaya mama huyu. Eliamini alipokuwa amelala kitandani, ni yeye aliyempelekea uji. Alinipokea vizuri, akanipa ndizi za kupika na nyama, na tulipokula tukashiba nikamwambia nilichojia.

"Fundi, wewe unakuja na kuondoka," akasema. "Mimi nimeaminiwa mabinti wa watu. Mmoja wa mama zao aliniambia wazi, filimbi ikipita kwa Eliamini mwanangu haigusi. Wengine wakamuunga mkono. Ningefanyaje, kikundi kife?"

"Wewe mwenyewe unaogopa?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri. "Dada yangu alikufa kwa kifua, kabla ya hizi dawa. Akilini najua Eliamini amepona. Mwilini bado naogopa."

Nikatoa filimbi, nikaiweka mezani kati yetu. "Hii imeanzia kwake. Tumeichonga kwa pumzi zake, haina pengine pa kuanzia. Ukiipokea, inakuja imetoka mdomoni mwake. Ukikataa sitakasirika, nitaipeleka Kisiwani. Ila usiseme hakuwa na nafasi."

Aliitazama muda mrefu bila kuigusa. "Mwambie ashuke Jumamosi, wakati wa mazoezi," akasema mwisho. "Anikabidhi yeye mwenyewe, mbele ya wote."

Jumamosi ile nilikuwepo. Eliamini alishuka taratibu, amevaa shati jeupe la kanisani. Kikundi kizima kilikuwa uwanjani kwa Nakijwa, na akina mama kadhaa wamesimama pembeni, mikono wameikunja. Akapuliza wimbo mmoja, halafu akamnyooshea Nakijwa filimbi kwa mikono miwili. Nakijwa akaipokea kwa mikono miwili.

Maji ya chumvi yalikuwa tayari kwenye bakuli. Akaanza kusuuza mdomo wa filimbi kama sheria yetu inavyosema. Binti mmoja, pengine alifikiri anasaidia, akakimbia ndani akarudi na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, ile kali ya kusafishia vidonda.

Nakijwa akaitazama chupa. "Filimbi ikitoka kwa Frenki, tunaimwagia hiyo?"

"Hapana, mama."

"Ikitoka kwa Loishiye?"

"Hapana."

"Na yule alituletea ugoro. Rudisha chupa ndani."

Akaifuta kwa kitambaa kama anavyofuta siku zote, akaianika kivulini, nasi tukangoja ikauke huku mtu akisimulia bei ya tangawizi ilivyoshuka. Ilipokauka akaiinua, akaipuliza. Alipuliza mstari mzima, na wa pili, na alipofika wa tatu miguu yake ikaanza kucheza yenyewe. Akasimama ghafla, macho yamemtoka.

"Fundi! Hii naweza kupuliza huku nacheza!"

Hilo hatukuwa tumelifikiria, mimi wala Eliamini. Mpigaji wa filimbi za zamani alisimama pembeni kwa sababu pumzi haikutosha kupuliza na kucheza pamoja. Hii inakula kidogo, mwili unabaki na pumzi ya kuchezea. Mabinti wakaanza kuigombania, na foleni ya kusuuza ikawa ndefu kuliko mazoezi yenyewe. Eliamini alikaa kwenye kigoda akiwaonyesha vidole.

Sitawadanganya kwamba wote walikubali. Mama mmoja alimshika binti yake mkono akaondoka naye, na binti yule hakurudi kwenye kikundi. Alikuwa na sauti nzuri. Na Loishiye, zamu yake ilipofika, alinirudishia filimbi kwa heshima zote akaniambia haimfai. "Sauti yake ni ya nyumbani," akasema. "Kule kwetu upepo unaimeza." Kwa hiyo bado tunatengeneza ya upenyo mkubwa kwa watu wa tambarare. Filimbi moja haiwezi kuwa ya kila mtu. Frenki yeye aliichukua bendini, na ninasikia sasa wanaimba na kupuliza kwa zamu bila kuhema.

Ndiyo maana tunazungusha, wajukuu zangu. Mtu mwenye afya atakwambia filimbi yako ni nzuri, utafurahi, utalala. Mtafuteni na yule ambaye haimtoshi. Na kabla hamjaipeleka, ulizeni kama kuna mtu amerukwa.

Mwaka uliofuata kijana wa Nakijwa alioa. Bibi harusi alitakiwa kupandishwa kutoka barabarani mpaka nyumbani kwa mumewe, mlima mkali wa kumtoa jasho hata mbuzi. Nakijwa alikuwa na wapigaji wengi wa kuchagua, wenye vifua vizima. Akamwomba Eliamini atangulie.

Tulianza kupanda, Eliamini mbele na filimbi, kikundi kinaimba nyuma yake, shangazi wa bwana harusi wakipiga vigelegele, na mimi na fimbo yangu karibu na mkia. Tulipofika kwenye kona ya kwanza filimbi ikanyamaza. Eliamini alikuwa amesimama, ameweka mkono kwenye jiwe, mabega yanapanda na kushuka. Nikaona kijana mmoja wa kikundi, mwenye filimbi mfukoni, anaitoa ili aendeleze wimbo. Nakijwa akamshika kiwiko.

Wimbo ukakatika. Ngoma zikanyamaza. Msafara wote ukasimama mlimani, bibi harusi katikati na shela lake, wazee, watoto, wabeba masanduku. Wageni wa upande wa bibi harusi wakaanza kuulizana, na mzee mmoja wao akapaza sauti, "Jamani, kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu, baba," Nakijwa akamjibu bila kugeuka. "Mpigaji wetu anavuta pumzi."

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akatua mzigo wake chini. Tukamngoja Eliamini.